Majina Yasikike Hadi Nyuma

Bwera, 8 Septemba 2025

Papa Fundi Masereka,

Salamu nyingi. Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema simu inakatakata. Mara ya pili ulisema "sawasawa" kisha ukaifunga. Mara ya tatu ulisema "Ijumaa", na mimi sikuwa nimeuliza siku. Basi naandika. Muhindo, dereva wa Fuso ya kahawa, anapita mbele ya kibanda chako kila juma, na amekubali kuwa posta.

Mimi ni Anastasie wa Wakongomani Wakatoliki hapa Bwera, sisi tuliotoka upande wa Beni na Butembo. Mwaka jana tulikuletea kipaza sauti chetu cha mukono, ukasema kimekufa kwa uzee na kwa kupigiwa kelele. Mimi ndiye mama aliyecheka.

Haja yangu ni hii. Tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, Padri Xavier anavuka mupaka kutusomea misa ndani ya ghala la Musitafa. Baada ya misa anasoma majina ya watu wetu waliouawa na waliopotea. Tumejiwekea desturi hapa: jina likisomwa mbele ya watu, na mutu wa nyumba akalisikia kwa masikio yake, matanga ya nyumba ile yameisha. Ananyoa, anavua nguo nyeusi, anarudi kulima. Asipolisikia, matanga yanaendelea.

Mwaka jana mvua ilipiga mabati, na wa nyuma hawakusikia kitu. Muzee Blasio alikaa mustari wa mwisho. Jina la mutoto wake lilisomwa, mimi nililiona likitoka mudomoni mwa Padri. Tukamuambia, limesomwa, muzee. Akasema kusikia kwa masikio ya mutu mwingine ni kama kula kwa kinywa cha mutu mwingine. Mpaka leo hajanyoa.

Kwa hiyo tunatafuta bafle, spika zile zinazozunguka chumba, ili hata wa nyuma wapate. Ziwe za kubebeka, kwa sababu Jumatatu Musitafa anajaza kahawa yake. Ziwe na betri, kwa sababu umeme wa hapa unapenda safari. Na sharti moja: zisipige ngurumo.

Bwana yangu Jean-Bosco ndiye angechagua, anajua mashine sana, lakini bado hajavuka. Ndiyo maana nakusumbua wewe.

Anastasie, muke wa Jean-Bosco


Kasese, 11 Septemba 2025

Mama Anastasie,

Barua yako imefika ikinuka kahawa. Umefanya vizuri kuandika. Simu yangu ina ugonjwa wake, na barua ni bora: maneno hayakatiki, na mtu akitaka kukasirika anakasirika polepole.

Ujue kwanza unazungumza na nani. Mimi sikusoma shule ya sauti. Nilianzia Kyarumba, kwa kufungua redio ya shemeji yangu na kushindwa kuifunga. Kila ninachojua nimekijua kwa aibu ya namna hiyo, miaka thelathini sasa.

Kwa chumba kikubwa kuna njia tatu. Ya kwanza ni ile nguzo moja yenye magurudumu na taa za rangi, vijana wanaipenda. Inapiga mbele tu: wa mbele wanaumwa kichwa, wa nyuma wanapata tetesi. Ya pili ni zile za sinema ya nyumbani, nyaya kila upande. Watu mia tatu na nyaya ni mtego wa panya. Ya tatu iko hapa Kasese, kwenye kambi ya jeshi. Kuna afande mmoja, Olanya, sajenti mstaafu, anarudi kwao Acholi na hataki kubeba vitu. Anazo spika ndogo tano, kila moja ina mpini na betri yake, na ya sita kubwa ya besi, kimo cha beberu. Hazina nyaya, zinaambizana hewani. Alizinunulia harusi ya binti yake. Nilimwomba aniuzie tano tu, akasema, "Fundi, huwezi kuchukua familia ukaacha baba."

Kuhusu ngurumo, usiwe na wasiwasi. Makanisa yote huniambia hayataki ngurumo, na baada ya wiki mbili yananiuliza ngurumo imekwenda wapi. Sauti bila besi ni mchuzi bila chumvi.

Nipe vipimo vya ghala, paa lake, milango, madirisha, na idadi ya watu.

Fundi Masereka


Bwera, 15 Septemba 2025

Papa Fundi,

Urefu ni hatua arobaini na mbili, upana kumi na nane. Hatua ni zangu, na mimi ni mufupi. Paa ni mabati matupu. Mulango mukubwa uko mbele, wa kupitisha lori. Ule mudogo wa nyuma Musitafa ameuziba kwa magunia. Madirisha sita, yako juu kidogo. Watu mia tatu. Majina ni 213, mimi ndiye ninayetunza orodha.

Mama yangu Sophie anakaa nyuma, chini ya dirisha. Wengi wetu tunapenda pale, karibu na njia.

Sasa nakuomba, usinicheke. Nikisema ngurumo sisemi muziki. Muziki tunaupenda, hata sisi tunacheza. Nasema kile kishindo kinachoanzia chini ya miguu. Watu wangu hawakitaki, na nyuma yao wasiwekewe kitu cha kushtua. Siwezi kueleza vizuri zaidi kwa kalamu. Juma lote hili nimekuwa nikiota tu ghala na madirisha.

Nijibu swali moja: mashine hiyo umeisikiliza wewe mwenyewe, na mikro, na mutu akisema?

Jean-Bosco angeuliza hivyohivyo. Bado hajavuka.

Anastasie, muke wa Jean-Bosco


Kasese, 25 Septemba 2025

Mama Anastasie,

Nimeijaribu siku mbili kambini, na maikrofoni, na Olanya mwenyewe akihesabu moja mbili tatu kama anapanga askari. Niliweka glasi ya maji juu ya sanduku kubwa: maji yalipiga pete hadi ukingoni. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba yake: ukuta ukaitikia. Mbuzi wa jirani alihama. Mke wa Olanya alitoka akasema jambo, nadhani alikuwa anasifu.

Nimeufikiria wasiwasi wako, na nimefikiria mabati. Mabati yana kiburi. Mvua ikipiga, sauti nyembamba inafia juu ya vichwa. Kwa hiyo sanduku kubwa sikuliondoa. Nimelipunguza tu, kidogo.

Muhindo anakuja na zote sita. Nimechora karatasi: mbili mbele, moja kati kwenye nguzo, mbili nyuma zikitazama migongo ya watu, ili sauti iwakumbatie. Kubwa ikae kona ya nyuma, chini ya dirisha. Besi haina makuu, popote inafika.

Jaribuni Jumapili moja kabla ya siku yenyewe. Na bwana Jean-Bosco akivuka, mwambie asizifungue. Wanaojua mashine ndio wanaoziua.

Fundi Masereka


Bwera, 5 Oktoba 2025

Fundi,

Leo sikuiti Papa.

Baada ya misa ya asubuhi tulijaribu. Muhindo alipanga kila kitu kama karatasi yako. Watu walikuwa karibu mia mbili. Mupiga ngoma wa kwaya alipiga mbele ya mikro, mara moja tu, kwa kiganja. Ngoma ilikuwa mbele yetu, tunaiona. Sauti ilitoka nyuma, chini, kwenye kona.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa Beni hawapigi kelele, wanaondoka. Wamama walinyanyua watoto bila kuangalia ni wa nani. Mulango mukubwa ukajaa, wengine wakapita madirishani. Mimi nikashika mikro nikasema, "Tulieni, ni bafle tu, ni bafle." Na sauti yangu nayo ikatoka nyuma yao. Wakakimbia zaidi. Mimi mwenyewe, mikro iko mukononi mwangu, niligeuka kuangalia nani ananisemea mugongoni.

Mama yangu Sophie ana miaka sabini na tatu. Alipita dirishani. Amevunjika mukono. Muzee Blasio tulimukuta kwenye barabara ya Mpondwe, ana kiatu kimoja, anatembea haraka, anasema hajambo.

Kwetu kitu kikilia nyuma hauulizi ni nini. Waliouliza ndio walio kwenye orodha.

Musitafa amesema misa ndiyo, mashine hapana. Sasa imebaki majuma manne, na mvua imeshaanza. Bila mashine ni mvua itakayosoma majina. Blasio atafuga ndevu mwaka mwingine, na nyumba nyingi pamoja naye.

Na jambo hili. Nilipokaribia bafle, mikro ilitoa muluzi wa kukata meno. Kila mutu aliusikia, hata Musitafa aliyekuwa nje anapima kahawa. Uliijaribu siku mbili. Ulisikiliza nini?

Anastasie, muke wa Jean-Bosco


Kasese, 8 Oktoba 2025

Mama Anastasie,

Nimesoma barua yako na sina pa kuuweka uso. Nampa pole mama Sophie. Muhindo ana kilo mbili za sukari na kitambaa cha kufungia mkono. Najua sukari haiungi mfupa.

Kuhusu mashine, nadhani Muhindo alizisogeza sana ukutani. Ukuta wa matofali unaongeza. Tena mpiga ngoma angeanza taratibu. Kuhusu mluzi, maikrofoni nyingine hufanya hivyo zikiona watu wengi, na huenda unyevu wa hapo Bwera umeingia. Kwangu hapa haikupiga mluzi wowote.

Dawa ni rahisi. Nyuma ya sanduku kubwa kuna kitufe cha kuzungusha. Kizungushwe hadi mwisho, upande wa kushoto. Bwana Jean-Bosco akiwa ameshavuka, ataweza kufanya hivyo kwa dakika moja.

Ukikwama, nipigie.

Fundi Masereka


Bwera, 12 Oktoba 2025

Fundi Masereka,

Ulisema nikikwama nikupigie. Nilikupigia jana, saa nne asubuhi, kwa simu ya Musitafa, mutandao umesimama wima. Nikakuambia, "Fundi, amefariki." Ukasema, "Hiyo ni habari njema, mama, endelea hivyohivyo." Nikakuambia, "Tunazika kesho." Ukasema, "Vizuri, ila usizidishe sauti."

Musitafa alikuwa karibu, akaniuliza huyu ni mutu wa namna gani.

Mama yangu yuko hapa anakunywa chai kwa mukono wa kushoto. Hakuna aliyefariki jana. Nilitaka kujua tu, na sasa najua. Lakini nataka uniandikie wewe mwenyewe.

Umenichagulia bafle za watu mia tatu, na husikii.

Anastasie, muke wa Jean-Bosco


Kasese, 14 Oktoba 2025

Mama Anastasie,

Kwanza nafurahi mama yako yu hai. Yale maneno "amefariki" niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayamaliza nikiwa nimekaa.

Ni kweli. Sikio la kushoto lilikufa miaka minane iliyopita, bila matanga. La kulia linapata vitu vizito: lori, mlango wa chuma, besi. Maneno ya watu nayasoma midomoni, na kwenye simu hakuna midomo, kwa hiyo nina majibu manne ninayoyazungusha. Watu wengi huridhika. Hilo limenifundisha mengi kuhusu simu.

Miaka yote hiyo binti yangu Naome alikaa kwenye benchi langu. Akisema "Baba, inakwaruza", nabadilisha. Akikunja uso, napunguza. Wateja walidhani namfundisha kazi. Mwezi wa tatu ameolewa Munkunyu, na masikio yangu yakaenda naye. Tangu hapo nasikiliza kwa kiganja na glasi ya maji. Kiganja kinapenda besi, mluzi hakiujui. Sanduku kubwa sikuliondoa kwa ajili ya mabati, mama. Sikuliondoa kwa sababu ni hilo peke yake nililolisikia.

Sikusema kwa sababu ninaogopa. Fundi wa sauti asiyesikia, Kasese wakijua, benchi langu watalianikia mihogo. Hofu yangu nikaitanguliza mbele ya watu wako, na mama Sophie akavunjika mkono.

Nimesoma tena ulichoandika kuhusu nyuma. Nyuma yangu mimi pia ni mahali pabaya. Kiziwi hana nyuma. Bodaboda inazaliwa ubavuni mwake. Hotelini nakaa mgongo ukutani, hata kama kiti hicho kinanuka jiko. Kisha mimi huyohuyo nikawawekea watu wako sauti ikitazama migongo yao, nikaita kukumbatia.

Sasa nina wazo, ulitupe kama ni baya. Kule Kyarumba babu yangu alikuwa na kyaghanda, na ninyi Wanande wa Beni na Butembo mnayo, neno ni lilelile: kibanda cha mazungumzo, moto katikati, watu wamekaa kuuzunguka. Mtu anasema kwa sauti ya kawaida na wote wanapata. Tena kila mmoja anamlindia aliye mbele yake mgongo, maana anaona kinachokuja. Hatuhitaji chumba kizungukwe na spika. Tuna ndogo tano: ziwe mioto mitano. Viti viwe miduara mitano, spika katikati ya kila mmoja, chini, mahali pa kuonekana, sauti ya mtu anayeongea na jirani. Mvua ipige inavyotaka, ninyi mko karibu na moto. Sanduku kubwa litoke nje, lizimwe kabisa.

Nije mwenyewe kuzipanga. Wewe uwe masikio. Ukikunja uso, napunguza.

Na kama unataka fundi anayesikia, yuko mmoja karibu na kituo cha mabasi. Nitakupa jina lake bila kinyongo. Kinyongo kidogo tu.

Masereka


Bwera, 21 Oktoba 2025

Papa Fundi,

Bado nimekasirika, lakini polepole, kama ulivyonifundisha.

Njoo Jumamosi tarehe 1 na Muhindo. Musitafa alikataa mara mbili. Mara ya tatu mama yangu alikwenda mwenyewe, mukono shingoni, akamuambia, "Aliyevunjika ni mimi. Kama mimi nakubali, wewe unakatalia nani?" Akasema sawa, lakini akisikia kishindo kimoja atazima yeye mwenyewe kwa jembe.

Wazo lako nimeliongezea kitu. Kabla bafle haijasema, ipite mukono kwa mukono ikiwa kimya, kila mutu aishike, aone haina kitu ndani. Ya muduara wa nyuma atakaa nayo muzee Blasio, juu ya magoti. Amekubali kwa shida, anaitazama kama mutu anatazama mbwa wa jirani. Lakini mutu hakimbii kitu alichokipakata. Hilo ndilo tumaini langu, na siku kumi na mbili si nyingi.

Siri yako tunaijua watatu, mimi na mama na wewe. Usiogope mama. Anajua kukaa na jambo la mutu mpaka mwenyewe alitaje.

Orodha imefika majina 214. Padri ameshapewa.

Anastasie


Kasese, 4 Novemba 2025

Mama Anastasie,

Niliondoka bila kuagana, Muhindo alikuwa amewasha gari na anaogopa barabara ya Kikorongo ikilowa. Basi naandika niliyoyaona, kwa kuwa kusikia si kazi yangu.

Jumamosi ulikunja uso mara kumi na moja. Nilihesabu. Ya kumi na mbili ulifungua tu macho, nikajua tumefika.

Jumapili, spika zilipopitishwa mikononi, mama mmoja aliigeuza akaitikisa sikioni kama yai. Nikasema moyoni, huyu angenifaa kazini. Padri alipoanza kusema nilimtazama Blasio. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye mpini, na kiatu kimoja kimeshaelekea mlangoni. Padri akasema neno la pili, la tatu. Kiatu kikarudi polepole.

Mvua ilianza kwenye karatasi ya pili. Niliiona kwanza kwenye macho ya watu, wote walitazama juu. Nikasema basi, tumekwisha. Kisha miduara ikasogea ndani, kila mtu na kiti chake, magoti yakagusana, kama watu wanaoota moto. Hakuna aliyewaambia.

Majina niliyasikia kwa njia yangu. Jina likitoka, mahali pamoja ndani ya ghala mtu mmoja anabadilika. Mmoja anavua kofia. Mmoja anashika goti la jirani. Mmoja alitabasamu, sijui kwa nini, na sikutaka kujua. Nilikuwa nikifuata hivyo: jina, mtu; jina, mtu. La mtoto wa Blasio nililijua kwa Blasio. Aliinama hadi paji la uso likagusa spika, akakaa hivyo kwa majina sita. Leo Muhindo ameniambia amemwona Bwera kwa kinyozi.

Lakini kuna moja. Padri alifungua karatasi ya mwisho, akafuta miwani, akasoma jina la mwisho kabisa. Hakuna aliyebadilika. Mioto yote mitano. Watu mia tatu walitazama chini kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeshika kitu. Nikaangalia taa: zinawaka. Nikagusa spika ya karibu: ilikuwa imetoka kutetemeka. Jina lilitoka, mama, na halikumfikia mtu.

Tangu hapo sina raha. Kuna nyumba mahali itakayokaa na matanga mwaka mzima kwa sababu ya mashine yangu. Niambie ni jina la nani. Nitakuja na spika moja mgongoni kama ni lazima, lisomwe tena mbele ya mlango wao.

Masereka


Bwera, 7 Novemba 2025

Papa Fundi,

Mashine haikukosea. Usije.

Uliwatazama watu wote walio mbele yako. Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua mbili, nimeegemea ukuta karibu na waya wa mikro ya Padri. Ulinipa nyuma yako niitunze, ndiyo maana hukuniona. Jina la mwisho lilikuwa la Jean-Bosco. Lilinifikia vizuri, bila muluzi.

Miaka minne nasema bado hajavuka. Mutu aliyetembea naye kutoka Beni alikuja kuniambia mwezi ule wa kwanza. Nilimupa chai, nikamuambia amekosea nyumba. Orodha ni mimi ninayeiandika. Majina 213 ya watu wengine niliyaandika kwa mukono wangu, na kila mwaka niliacha mustari mumoja mutupu chini, nikisema ni wa kupumzisha macho ya Padri.

Halafu nikakupigia simu ya kukutega. Nilitaka kukuambia mama amefariki. Lakini nilipofungua kinywa nilisema "amefariki" tu, bila jina, na nikasikia ni nani ninayemusema. Sikuwa nimelitamka neno hilo kabla ya siku ile. Nililitamka kwa mutu asiyesikia, na ardhi haikupasuka. Wewe ukasema niendelee hivyohivyo. Siku ile jioni nilijaza mustari.

Uliuliza kwa nini hakuna aliyebadilika. Walijua wote. Mama alijua, Blasio alijua, hata Musitafa. Walikuwa wananisubiri. Na walitazama chini ili asiwepo hata mumoja wa kugeuza kichwa kuniangalia. Watu hawa, Papa Fundi, ambao jani likianguka nyuma yao shingo inazunguka.

Sanduku kubwa Muhindo alilisahau hapa. Mama analiegemezea mukono wake wenye bandeji akinywa chai, na anasema ni la kwanza kati ya sita alilolipenda, kwa sababu linajua kunyamaza. Umuambie afande Olanya baba yuko salama.

Kesho naanza kulima.

Anastasie, mujane wa Jean-Bosco